Masomo ya Mama Tamar

Shule za Butembo zilipofungwa, redio ilihimiza wazazi wafundishe watoto nyumbani. Kavugho, ambaye mtaa mzima unamwita Mama Tamar, alitii. Yeye mwenyewe aliachia masomo mwaka wa tatu, akaenda kulima Mbau mpaka yeye na binti walipokimbia wauaji. Kwa hiyo alifundisha lile alilolijua.

Asubuhi mama na binti walichagua maharage, mawe wakiyaweka pembeni. Kavugho alikunja uso, akafanya sauti nzito ya mtu asiyejulikana.

"Weye mutoto, unatoka wapi?"

"Sijui."

"Shamba yenu iko wapi?"

"Sijui."

"Munalala batu ngapi?"

"Tuko..."

"Basi, umetuua wote." Akamwaga mawe ndani ya maharage, wakaanza upya.

Tamar alipomaliza bila kosa alipata kiazi cha kuchoma. Somo la mwisho ndilo lilikuwa gumu.

"Hata miye nikikuambia ujibu, usijibu. Pengine banakuwa bamenishika."

Sababu ya masomo haya ni kwamba kule Mbau mtoto wa jirani, mtoto mwenye adabu sana, aliwaonyesha wageni njia ya mashamba. Wageni walisema merci, asante. Baba yake Tamar alikuwa analima huko.

Kisha shule ikafunguliwa. Tamar alistahili kuingia mwaka wa sita na kufanya mtihani wa serikali. Ndiyo ahadi ambayo Kavugho alimpa marehemu mumewe. Karatasi za shule za Tamar zilibaki Mbau, kwa hiyo directeur Bertrand, mkuu wa shule, mtu mpole aliyetumwa kutoka Kasai, aliwapima wanafunzi wapya kwa mdomo. Alianza na maswali mepesi, mtoto asiogope.

"Ma petite, unatoka wapi?"

"Sijui."

"Papa anafanya kazi gani?"

"Sijui."

"Bon. Saba mara nane?"

Tamar alimtazama viatu. Jibu alikuwa nalo tangu mwaka wa tatu.

"Sijui."

Kavugho, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, akaingia bila kubisha. "Tamar! Huyu ni directeur. Mujibu!"

Mtoto akageuka, akamtazama mama yake kwa makini, kama anayetafuta bunduki nyuma ya mgongo wake.

"Sijui," akasema, polepole, vizuri kabisa.

"Directeur, anajua vyote! Ni miye nilimukataza kujibu."

"Mama, wazazi bote banasema vile." Directeur alisema kwa huruma. Akamweka mwaka wa tatu, pamoja na wadogo, na akashauri mama awe anamsaidia zaidi nyumbani.

Njiani Tamar alirukaruka juu ya madimbwi, hakusema kitu mpaka walipopita kizuizi cha askari. Hapo akamshika mama mkono.

"Mama, hata weye uliniambia nijibu, nikakataa! Nimeshinda?"

Mwanamke mmoja alikuwa akichoma viazi kando ya barabara. Kavugho alichagua kikubwa.

"Umeshinda," akasema.