Asiyeitika Mlimani

Faustini alipotangaza kwamba Jumapili wangepanda milimani kuona viziwa, mkewe aliitikia "Sawa," kisha akaenda uani na hofu yake. Wanaume wengine hawaoni hata wakionyeshwa. Huyu alikuwa Muha mzaliwa wa Rusimbi, Kigoma, mpakuaji wa dagaa pale bandarini Kibirizi, na wiki nzima alivisifia vile viziwa viwili ambako baba yake alimpeleka utotoni. Kuna maji baridi, kuna matete, alisema, na ukigeuka unaiona Tanganyika yote hadi milima ya Kongo. Wangekwenda asubuhi, wakale huko huko, na jioni wawe nyumbani. Mkewe alijiuliza ni raha gani hiyo, kupanda mlima na chakula kichwani wakati hakuna anayekufukuza.

Mtaani walimwita Mama Shukrani. Jina lake hasa lilikuwa Bukeyeneza. Alivuka kutoka Burundi mwaka wa tisini na tatu, binti yake mgongoni, baada ya kulala vichakani juu ya mlima kama huo. Sasa ulikuwa mwaka wa tisini na saba, na wakimbizi walioishi nje ya kambi walikuwa wakikusanywa na kupelekwa kambini. Ilisemekana hata walioolewa na wenyeji hawaachwi. Kwa hiyo alijifunza kusalimia kwa Kiha, Kirundi akakimeza, na mtoto aliyezaliwa Inamahoro akawa Shukrani.

Njiani kila kijiti kilichovunjika kilimgeuza shingo.

"Mama Shukrani, unamtafuta nani huko nyuma?" Faustini alimtania. "Hata fisi wa huku wamehamia mjini!"

"Nakuja, baba."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Lakini viziwa vilikuwa vizuri kweli, Faustini hakutia chumvi. Walikaa kwenye nyasi wakala muhogo wa kuchemsha na dagaa, Shukrani akicheza na maji, na kwa mara ya kwanza siku ile Bukeyeneza akacheka.

Ndipo wakatokea askari mgambo wawili, rungu mkononi. Mmoja alikuwa Feliksi, ambaye Faustini alimfahamu tangu shule. Walikuwa wakizunguka mashamba ya milimani kutafuta waliojificha. Bukeyeneza aliwasalimu kwa maneno machache, macho chini. Alipoinua macho, mtoto hakuwepo.

"Shukrani!" Faustini aliita. "Shukrani we!"

Kimya. Ukingoni mwa maji ilibaki ndala moja.

Faustini aliingia majini na nguo zake, akipapasa. Mgambo walianza kupigapiga matete kwa rungu, wakiita jina lile lile. Walipoita tena, Bukeyeneza akaelewa. Mtoto hawezi kuitika. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha.

Kule kwao wauaji waliwaita waliojificha kwa majina, kwa sauti za majirani, na walioitika hawakuonekana tena. Ndiyo maana alimrudia binti yake somo moja, huku akimsuka nywele: ukiona wenye sare, jifiche. Ukiitwa jina mlimani, usiitike, hata akiita baba. Itika akazehe peke yake. Akazehe ni ile salamu ndefu ya kuimba ya wanawake wa Burundi. Mmoja anaimba, mwenzake anaipokea kipande kwa kipande, "ego, ego," yaani ndiyo, ndiyo. Muuaji, aliamini, hawezi kuiiga.

Sasa mtoto alikuwa ndani ya matete, ambako matope humvuta hata mtu mzima, naye alikuwa akimtii mama yake. Na Feliksi alikuwa amesimama pale, masikio wazi.

Bukeyeneza aliogopa kambi kuliko njaa. Aliogopa kukipoteza chumba chake kule Rusimbi, na huyu mwanamume anayetania fisi. Aliogopa, akafungua kinywa, akaimba. Sauti ilikatika. Akaanza tena, kwa nguvu, mpaka milima ikamrudishia.

"Ego," kikajibu kisauti chembamba. "Ego."

Aliendelea kuimba bila kupumzika, Faustini akaifuata ile sauti ndogo, akamkuta binti amezama matopeni hadi kidevuni, ameng'ang'ania tete. Akamng'oa kama muhogo. Faustini alikuwa analia waziwazi.

Feliksi alimtazama mwenzake, mwenzake akamtazama yeye.

"Shemeji," alimwambia Bukeyeneza taratibu, "mimi nimelinda kambini. Salamu hiyo naijua."

"Ni mke wangu, Feliksi."

"Najua, kaka. Lakini aliyesikia hapa si mimi peke yangu. Kesho asubuhi mlete ofisi ya kata, yeye na mtoto. Watu wanaitwa majina, wanapanda lori. Usinifanye nije nyumbani kwako."

Walishuka. Kigoma ilionekana chini, na ziwa, na paa za Rusimbi. Shukrani alikuwa mgongoni mwa mama yake, matope yakimkaukia miguuni.

"Mama," akanong'ona sikioni, "kesho wakiita Inamahoro, niitike?"

Bukeyeneza akasimama. Faustini, aliyekuwa mbele, naye akasimama, lakini hakugeuka.

"Itika," alisema mama. "Nitakuwa nimekushika mkono."