Tela Lililomuumiza Farasi Ndilo Limbebe Mdogo Wangu

Admin, tafadhali nifichie jina na jina la shule. Mjomba wangu naye yumo humu, na visa vya ndoa za watu havimpiti.

Mimi ni binti wa miaka kumi na saba, nasoma kidato cha tatu hapa Lindi. Si msemaji. Darasani hata nikijua jibu sinyooshi mkono, naliandika tu. Baba alifariki, naishi na mama na mdogo wangu wa kiume, ambaye kwa sasa yuko jandoni upande wa Rutamba. Na kwetu sisi Wamwera, kwenye jando mwenye neno ni mjomba. Mama hata akiona jambo limepinda atasema, "Msikilizeni kaka yangu." Hapo ndipo nilipokwama.

Msimu uliopita ufuta ulimkubali mjomba. Wenzake walinunua bodaboda, wengine mabati. Yeye akaenda Dar es Salaam akarudi na farasi. Eti wa kukodisha kwa mabwana harusi. Akamwita Sultani. Kisha akamtafuta fundi anayechomelea mageti, akaunganishiwa tela kwa vyuma vya kitanda na ekseli ya gari bovu, livutwe na pikapu yake. Taa halina, breki halina. Namba ya pikapu ameichora kwa rangi nyuma ya tela, basi akaona amelisajili.

Siku ya kulizindua aliita watu. Kukachomwa ubani, kaimati zikaliwa, maalimu akasoma dua. Dua siichezei, mnielewe. Lakini maalimu mwenyewe alipomaliza aliuliza, "Hili limeshapelekwa kukaguliwa?"

"Maalimu, si ndiyo umelikagua sasa hivi!" Mjomba akajibu, watu wakacheka mpaka wakapaliwa. Tangu siku hiyo ukimwuliza chochote kuhusu tela anakwambia, "Limesomewa hilo."

Shuleni alikuja askari wa usalama barabarani kutufundisha. Alisema tela, hata la mtu binafsi, linakuwa na usajili na namba yake, linakaguliwa taa, matairi na pale linapoungwa na gari, na la mizigo halipakii watu. Nikajikaza, nikaenda kwa mjomba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanasheria. Leo umesoma nini?"

Nikamwambia. Akanisikiliza huku anachokonoa meno.

"Breki za nini? Linaburutwa! Gari ikisimama nalo litasimama. Litakwenda wapi?"

"Na mnyororo wa kulishika likichomoka?"

"Mnyororo nimemfungia Sultani. Au ulitaka nimfunge kwa kanga ya mama yako?"

Hayo ni majibu ya mtu mzima mwenye leseni ya udereva.

Haikupita muda, akampakia Sultani kumpeleka harusini. Kwenye mteremko wa kushuka mjini tela likachomoka likaingia mtaroni na farasi ndani. Pale pa kuungia palikuwa pamechomekwa kipande cha nondo. Ni rehema tu hapakuwa na mtu njiani. Sultani alichunika miguu, akawa anatetemeka kama mgonjwa wa malaria, na bwana harusi akaenda kwa bajaji. Mjomba alisema nini? "Kijicho. Mtaa huu una macho mabaya." Akachoma ubani tena. Nondo ile ile akainyoosha kwa nyundo, akairudisha.

Juzi wazee wakakaa kikao cha kuwatoa wari, yaani vijana walioko jandoni. Mjomba akatangaza kwamba Jumamosi vijana wote watatoka Rutamba wamepanda kwenye tela, limepambwa kanga, ngoma ikiwa juu yake, na Sultani atangulie mbele.

Nilikuwa nagawa chai. Sijui nilipata wapi sauti. "Mjomba, kwa nini Sultani naye asipande?"

"Sultani hapandi tena lile," akasema. "Ataumia. Farasi ni mali, mwanangu. Atatembea."

Nikatazama uso mmoja mmoja, nione nani amesikia alichosema. Watu wazima wale, wengine wana watoto wao huko huko jandoni. Mmoja akaomba aongezewe sukari. Mama akainama.

Usiku nilimwambia mama namba ya yule askari ninayo, alituachia sote. Akaniambia, "Ukimsimamisha mjomba wako njiani mbele ya wari, ngoma ikakatika, usiniite mama. Na mdogo wako atachekwa mpaka aoe." Najua si vitisho tu. Mtoto wa kiume akitoka jandoni halafu akashushwa barabarani na polisi, huku kwetu watamwimba.

Nanyi ndugu zangu wa humu, msinishauri nikae na mjomba niongee naye kwa upole. Nimeshakaa. Msiniambie niwatume wazee, maana wazee ndio waliocheka na kaimati mdomoni. Mimi nataka mnijibu hili moja tu: nipige simu, nimpoteze mama na mdogo wangu aaibike akiwa mzima, au ninyamaze, nisimame barabarani Jumamosi niwapigie vigelegele huku naiangalia ile nondo?