Sura ya Injini

Baba yangu alibeba miraa kutoka Laare kwa pikapu yake miaka mingi, mpaka macho yakamwisha, akawa haoni kabisa. Rafiki yake, aliyekuwa akipakia magunia na kukaa naye mbele safari nzima, sasa yuko kitandani huko huko Laare, na hali yake si nzuri. Baba anataka kwenda kumwona. Nilimwambia tukodishe gari twende siku hiyo hiyo. Akakataa katakata. Alisema rafiki yake anaijua ile injini kwa mlio, na huo mlio ndio anaotaka mwenzake asikie langoni kwake. Mzee wangu ni mkaidi, na ukaidi wangu sikuuokota njiani; nimeurithi kwake.

Pikapu ilikuwa imelala nyuma ya zizi tangu injini ichemke. Mimi ni karani Embu, na nyumbani Kanyakine huja wikendi tu. Fundi wa sokoni aliifungua injini, akatoa kichwa chake, lile bonge la aluminiamu linalofunika silinda, akaliweka kwenye meza ya uani.

"Boss, wewe toa tu masizi," aliniambia. "Sura yake niachie mimi."

Nikadhani nimeelewa. Kwangu mimi sura ni kile mtu anachoona akifungua boneti, yaani upande wa juu. Huo nikauacha na mafuta yake. Nikageuza upande wa chini, ule bapa unaokalia injini, nikaupiga msasa. Nilikuwa nimetazama kwenye simu video za watu waking'arisha vyuma mpaka wanajiona. Nikaanza na msasa wa kukwaruza, nikaja na laini, nikamalizia na dawa ya kung'arishia na kipande cha fulana kuukuu. Jumamosi mbili nzima. Vidole vilichubuka, lakini nilifurahi, sitaficha. Ofisini sijawahi kutengeneza kitu nikakitazama hivyo.

Baba alikuwa kwenye kigoda kando yangu. Alipitisha kiganja juu ya chuma, akacheka.

"Kioo hiki," alisema. "Wiki hii tuko Laare."

Fundi alikuja Jumapili baada ya kanisa. Alilaza rula ya chuma juu ya kazi yangu, akawasha tochi ya simu kwa nyuma. Mwanga ukapita chini ya rula, pale katikati.

"Ai, boss! Sura si ndiyo hii! Umeichimba. Gasket ya kuziba haiwezi shika hapa, injini itavuja na kuchemka tena."

"Si tupeleke mjini ichongwe kwa mashine?"

"Ilishachongwa mara mbili. Haina nyama tena. Na ya kubadilisha nilishatafuta mpaka kwa magari zilikufa, hakuna."

Alisema hivyo kwa sauti ya chini, maana Baba alikuwa ndani mlango ukiwa wazi. Akanawa mikono, akaenda zake. Nilijichukia, na fundi nikamchukia pia, kwa neno moja ambalo angeweza kulieleza kwa kidole.

Nilikusudia kumwambia Baba jioni hiyo. Nilipoingia, aliniuliza kama koti lake limepigwa pasi. Nikasema bado fundi hajaridhika, imebaki kidogo.

Tangu hapo kila wikendi imebaki kidogo. Mimi hukaa uani na kile kichwa, na Baba hukaa kigodani akisikiliza. Nikinyamaza sana huniuliza kama nimechoka. Basi nachukua msasa. Kila nikisugua nazidi kukiharibu, nami sijui la kufanya jingine.

Leo asubuhi binti wa yule rafiki wa Baba amenipigia simu. Anasema baba yake haongei tena, ila bado anasikia; gari likipita barabarani hugeuza kichwa. Nilimshukuru, nikakata.

"Ni nani?" Baba akauliza.

"Watu wa ofisini."

"Imebaki kiasi gani?"

"Kidogo tu, Baba," nikasema, nikachukua msasa na kusugua kwa nguvu ili asikie.