Injinia Ameona

Kazi ya pili ya kozi ilikuwa na maelezo ya mstari mmoja: chagua mwamba ulioanguka ukiwa karibu nao wewe mwenyewe, ueleze kwa nini ulianguka. Wenzangu darasani, watu wazima wenye ajira zao kama mimi, wengi wakiwa kwenye migodi ya dhahabu na shaba nchi za mbali, walianza kumuuliza mhadhiri kama wanaruhusiwa kutumia picha za kampuni zao. Niliwasikiliza kwenye kompyuta nikiwa chumbani kwangu mtaa wa Majengo, Jumamosi mchana, mlango wazi kwa sababu ya joto la bati. Mimi sikuwa na swali. Nilikuwa na mwamba mmoja tu, na kwa miaka kumi na moja sikuwa nimemsimulia mtu yeyote habari zake.

Nilijiandikisha katika uzamili huo wa uhandisi wa miamba ya migodini kwa sababu ambazo mtu anaweza kuziandika kwenye fomu: cheo, ujuzi, kanuni za usalama. Machimbo ninayosimamia nje kidogo ya mji wa Nyeri ni ya kokoto. Kwa watu wa dhahabu huo si mgodi, lakini ukuta wa mwamba ni ukuta wa mwamba, na chini yake kuna watu. Nafanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, nasoma Jumamosi na Jumapili. Fomu haikuuliza kwa nini kila asubuhi nikifika kazini huwahesabu wafanyakazi kabla ya kuwasalimu.

Mwamba wangu ulikuwa upande wa Endarasha, kwenye machimbo ya mawe ya kujengea ambayo siku hizi yamefungwa. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza ya uinjinia. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, buti mpya, na hofu ya kuonekana sijui. Kulikuwa na mkata mawe mmoja, mwanamume wa makamo asiye na maneno mengi, aliyezoea kupanda juu ya ukuta asubuhi kabla wenzake hawajafika. Ijumaa moja aliniomba nipande naye. Kule juu, hatua chache kutoka ukingoni, ardhi ilikuwa imepasuka. Ufa ulikuwa mrefu, umejipinda kuufuata ukingo, na nyasi zilikuwa zimeinama ndani yake. Alikuwa amepigilia kigingi kila upande, na juu ya kila kigingi msumari. Alitoa mfukoni kipande cha utepe wa fundi wa nguo, akakinyoosha kutoka msumari hadi msumari.

"Madam, hii kitu inaongezeka," alisema. "Napima kila asubuhi. Juzi ilikuwa hapa. Leo iko hapa."

Nilichuchumaa nikatazama. Nakumbuka niliingiza vidole vyangu ndani ya ufa, nikahisi baridi ikitoka chini. Mnyapara akapaza sauti kutoka bondeni kwamba malori yamejaa barabarani, na madereva wanataka kujua mawe yatatoka saa ngapi. Mnyapara yule alikuwa na umri wa baba yangu na alinicheka mbele ya watu nilipokosea jambo. Nilisimama, nikajipangusa magoti.

"Nimeona," nikamwambia mkata mawe. "Tutaiangalia Jumatatu."

Alitikisa kichwa kukubali, akaukunja utepe wake, tukashuka.

Ukuta ulianguka kesho yake, saa nne hivi ya asubuhi. Nilikuwa ndani ya kibanda cha ofisi nikiandika idadi ya mawe. Sauti haikuwa kubwa. Nilidhani ni lori linamwaga, nikamaliza mstari niliokuwa nauandika, na mstari huo uliokamilika ndio nauota mpaka leo. Nilipotoka, vumbi lilikuwa limefunika bonde lote na watu walikuwa wanakimbia kutoka mahali pa kunywea chai. Wote walikuwa wamekwenda chai isipokuwa yeye. Alikuwa amebaki kumalizia jiwe. Walimtoa alasiri.

Walikuja watu wa kuuliza maswali. Mnyapara alisema ni mvua. Mimi pia nikasema ni mvua, na kweli mvua ilikuwa imenyesha wiki hiyo. Hakuna aliyeuliza habari za ufa. Ufa ulikuwa umeshuka pamoja na ukuta, na vigingi, na misumari.

Tangu wakati huo naona nyufa. Naziona kwenye plasta ya chumba changu, kwenye sakafu ya hospitali nikienda kumwona shangazi, kwenye maganda ya mkate. Kwenye ukuta wa nyuma wa msikiti wa Majengo kuna moja ambayo nimeipita maelfu ya mara, na bado nikiifikia hupunguza mwendo na kuipima kwa jicho. Wakati mwingine, mchana kweupe, nikiwa peke yangu juu ya ukuta wa kokoto, nahisi mtu amechuchumaa kando yangu, kimya, ananingoja niseme. Sigeuki. Nangoja mpaka aondoke.

Kwa hiyo nilipopewa ile kazi, nilijua lazima nifike Endarasha. Nilimkuta mjane wa yule mkata mawe kwenye kibanda chake sokoni, anashona sare za shule. Nywele zake zilikuwa zimeota mvi. Alinitambua kabla sijajitambulisha, akaniwekea kiti.

"Nilikungoja miaka mbili ya kwanza," alisema bila hasira. "Halafu nikaacha."

"Pole, mama."

"Nilishapoa. Sema unataka nini."

Nilimweleza: kwamba niko shuleni tena, kwamba tunafundishwa kuelewa mawe yanavyoanguka, kwamba nataka kuandika juu ya siku ile. Nilisema yote haraka, kama mtoto anayesoma shairi. Alinisikiliza mguu ukiwa juu ya pedali ya cherehani. Kisha akasimama, akaingia nyuma ya pazia, akarudi na daftari la shule lenye jalada lililobanduka.

"Kitabu yake ndiyo hii. Wale watu wa maswali hawakufika hapa, kwa hivyo nikaiweka. Alinikatia utepe yangu ya kupima ndio aandike hizi vitu. Nilimgombeza sana."

Lilikuwa na vipimo vya ufa. Siku za wiki aliziandika kwa Kigikuyu, nambari kwa kalamu ya bluu, kila siku mstari wake, wiki baada ya wiki. Mwanzoni nambari hazibadiliki. Halafu zinasogea kidogo, halafu kila siku, halafu zinaruka. Mstari wa mwisho ulikuwa wa Ijumaa ile. Kando ya nambari alikuwa ameandika kwa Kiswahili, kwa herufi safi: *Injinia ameona.*

Kwa miaka yote nilikuwa nimejiuliza swali moja: kama alijua, kwa nini alikuwa chini ya ukuta Jumamosi? Nilimuuliza mjane wake. Alirudi kwenye kiti chake kwanza.

"Wiki hiyo yote nilikuwa namwambia asiende," alisema. "Na alikuwa ameanza kunisikiza. Ijumaa akakuja nyumbani amefurahi. Akaniambia, ati injinia ameona, amesema Jumatatu. Kama ingekuwa mbaya hangesema Jumatatu. Huyo ni mtu amesoma."

Akainama akaendelea kushona. Mimi nilishika kikombe cha chai alichonipa mpaka kikapoa. Nilikuwa nimejiandaa kusikia kwamba nilimpuuza. Sikuwa nimejiandaa kusikia kwamba aliniamini.

Aliniazima daftari. Jumapili iliyofuata nililiweka kando ya kompyuta nikaanza kazi. Kuna njia tuliyofundishwa ya kutabiri siku ya mwamba kuanguka. Unachukua kasi ya ufa kufunguka, unaigeuza kichwa chini, yaani unagawanya moja kwa kasi hiyo, unachora grafu siku kwa siku. Mwamba ukiwa njiani kuanguka, mstari hushuka, na pale unapogusa chini ndipo siku yenyewe ilipo. Mhadhiri alikuwa ametuonya kwamba mara nyingi vipimo huwa vibaya na mstari hauelekei popote. Vipimo vya daftari lile havikuwa vibaya. Mtu yule, kwa kipande cha utepe wa mkewe, alikuwa amepima vizuri kuliko baadhi ya mitambo tuliyoonyeshwa darasani. Mstari ulishuka bila kuyumba na kugusa chini Jumamosi.

Niliufuta nikauchora upya. Jumamosi. Nikatoka nje nikasimama mlangoni. Mama wa kibanda cha jirani aliniuliza kama naumwa, nikamwambia hapana, ni macho tu, kompyuta.

Niliandika ripoti kwa wiki tatu. Nilipoituma, mhadhiri aliirudisha ikiwa na sifa na sahihisho moja. Mahali nilipoandika "nilionyeshwa ufa huo siku moja kabla na sikuwaondoa watu," alipendekeza niandike "ufa ulikuwa umeonekana." Ripoti za kitaalamu, alisema, hazina neno "mimi". Nilimpigia simu. Nilimwambia kwamba kila kitu kingine ninaweza kukibadilisha, ila sentensi hiyo hapana. Akauliza, "Ni wewe kweli?" Nikasema ndiyo. Aliiacha sentensi ilivyo.

Nilirudisha daftari Endarasha pamoja na nakala ya ripoti. Mjane hakuisoma, ilikuwa kwa Kiingereza kigumu, lakini alitaka kuona grafu. Nilimwonyesha nukta zilizokuwa nambari za mume wake. Alizifuata kwa kidole hadi mwisho wa mstari.

"Kama ungekuwa umesoma hii masomo wakati ile, angekuwa hai?"

Nilikuwa nimelizunguka swali hilo muda mrefu, na nilikuwa na jibu ambalo lingetupumzisha wote wawili. Sikulitoa.

"Hapana, mama. Ile ufa haikutaka masomo. Hata bila kusoma ningeweza kuwaambia watu watoke. Niliogopa kuchekwa."

Aliinua macho kutoka kwenye grafu. Sikuona msamaha usoni mwake, na sikuja kuutafuta. Kisha aliikunja nakala ya ripoti akaiweka ndani ya daftari.

"Sasa umesema," alisema. Mteja akaingia na suruali ya kupunguzwa, nami nikaaga.

Mwezi uliopita nilikuta ufa juu ya ukuta wetu wa kokoto, upande wa mashariki. Ulikuwa mwembamba, ungeweza kuwa umesababishwa na kiangazi tu. Niliwatoa watu wote upande huo asubuhi hiyo hiyo, nikafunga kamba, nikaweka vifaa vya kupimia. Mwenye machimbo alikuja siku ya tatu.

"Imesonga?"

"Bado haijasonga."

"Na isiposonga?"

"Tutapima mpaka tujue."

Alisema maneno mengi baada ya hapo, mengine ya haki. Wafanyakazi nao walinung'unika, maana upande wa pili jiwe ni gumu zaidi. Wiki ya tatu mmoja wao, kijana mcheshi, aliuliza mbele ya wenzake kama injinia anaota ndoto mbaya. Walicheka, na masikio yangu yakawaka moto. Niliwajibu kwamba ndiyo, huota, na kwamba kamba haitoki.

Ufa ule haujasogea hata kidogo. Ukuta umesimama, na kwa vipimo vyote nilivyo navyo huenda usianguke kamwe. Juma lijalo nitafungua nusu ya upande ule, na mimi mwenyewe nitakuwa wa kwanza kusimama chini yake.