Maji Yasiyo na Mwenyewe

Harufu ya mchanga uliolowa ndiyo iliyotuamsha kule kijijini kwetu Gotu. Mto ukikauka, watu huchimba visima katikati ya mto wenyewe, na kabla jua halijachomoza upepo huleta harufu hiyo hadi vitandani, nawe unajua wenzako wameshaanza kuteka. Kila kisima kina mwenyewe, yule aliyekichimba, na hata akiwa jirani yako wa kila siku, huinami kuteka kabla hajakupa zamu. Mama alinifundisha hivyo nikiwa bado mgongoni mwake. Lakini mwaka ule, kaunti zikiwa bado changa, magoti ya Mama yalivimba yakakataa kukunjika, na kisimani nikawa naenda mimi. Zamu ya mtoto huwa ya mwisho. Nilipofika nyumbani na mtungi, darasani walikuwa wameshaanza zamani, na mwalimu alikuwa ameacha hata kuuliza niko wapi.

Asubuhi moja Mama alijiinua kwa fimbo, akajifunga shuka, akasema twende. Hakusema wapi, na nadhani hata yeye hakuwa na uhakika kama tutafika. Barabarani tulisimamisha lori la mbuzi lililokuwa likienda Nyahururu, na humo nyuma, katikati ya mbuzi, ndipo aliponieleza. Mchuuzi mmoja wa mifugo alikuwa amemwambia kwamba huko Baringo kuna ziwa linaloitwa Bogoria, ambako maji hutoka ardhini yakiwa moto, na watu wenye miguu kama yake hukaa ndani yake wakatoka wakitembea. Hatukuwa na mtu huko. "Nikipona, unarudi shule," alisema. "Nisipopona, sijui." Mimi nilikuwa na furaha tele. Nilimuuliza utingo jina la kila mlima mpaka akaniambia ameishiwa na milima. Nyahururu tulipata lori jingine, lililokuwa likirudi tupu Marigat, mji ulio karibu na ziwa hilo, na dereva wake akatuonea huruma akatufikisha hadi mwisho wa njia.

Na njia ilikwisha kweli. Iliingia ziwani moja kwa moja, kama ng'ombe anayekwenda kunywa. Migunga iliyokufa ilisimama ndani ya maji, na kibao cha barabarani kilitoa kichwa tu. Hewa ilinuka mayai viza. Kule mbali ndege aina ya heroe walikuwa wamejipanga ukingoni, wekundu hafifu, kama shuka iliyoanikwa ikapauka kwa jua. Sikuwahi kuona maji mengi namna ile, nikataka kukimbia niyaguse. Mama alinishika mkono. Alisimama akitazama watu waliokuwapo, mmoja mmoja, kisha akamfuata askari wa kaunti aliyekuwa amekaa kivulini.

"Mwenye maji ni nani?" alimuuliza. "Naomba zamu."

Askari alicheka akidhani ni mzaha. Alipoona Mama bado anangoja, alisimama na kuvua kofia. Akatueleza kwamba ziwa lilikuwa limefura, na chemchemi tulizozifuata zilikuwa pale, akaonyesha mahali kwenye maji ambapo hapakuwa na kitu. Zilizobaki zilikuwa mbali, ng'ambo ya barabara iliyozama, nazo ni za kuchemka, zinaweza kumbabua mtu. Haya ya hapa hayana mwenyewe, alisema, ingia tu popote.

"Basi nani anayaambia yarudi?" Mama aliuliza.

Askari aliigeuzageuza kofia mikononi.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akichoma mahindi kando ya njia alikuwa ametusikia. Watu walimwita Mama Chebet. "Kwenu mnatafuta maji," alisema, "kwetu maji yanatutafuta sisi." Nyumba yake ilikuwa imezama pia, na sasa aliishi katika chumba cha mabati alichopewa na shemeji yake. Alimshika Mama mkono, akatupeleka huko, akatutandikia magunia pembeni. Kisha akabandika sufuria jikoni, maji yakapata moto, akayamimina kwenye beseni na kulisogeza mbele ya Mama.

"Haya, mama. Zamu yako."

Mama aliingiza miguu. Alikaa hivyo mpaka maji yakapoa, mimi nikiyatazama magoti yale bila kupepesa macho. Nilipomsaidia kusimama yalikuwa vilevile.

Hakupona, nami shuleni sikurudi. Tangu hapo nimezunguka sana, mji huu hadi ule, kazi hii hadi ile. Nikifika mahali nisipopajua na kupata chumba, jambo la kwanza ni kufungua bomba. Maji hutoka papo hapo, bila kuniuliza mimi ni nani. Hata hivyo nasimama kidogo kabla ya kuinama, nikingoja mtu anipe zamu.