Pale Palipoandikwa Msanii

Kwetu Tanga, mama yangu hakuwahi kuuliza wimbo ameuimba nani. Kwenye taarabu ya harusini, wimbo ni wa yule anayeinuka kwenda kumtunza mwimbaji noti. Ukipigwa fulani, ukumbi mzima unajua huo ni wa muuza maandazi wa Chumbageni, maana ndiye anayecheza nao mpaka mbele, noti juu, jicho kwa mke mwenzie.

Ndiyo maana nilipohamishia kanda za mama kwenye kompyuta yangu hapa ugenini, Glenwood, katika programu ya kupanga nyimbo, pale palipoandikwa Msanii nilijaza watunzaji. Mama alinitajia kwa simu, kanda baada ya kanda, tukicheka mpaka mbavu zikauma. Rafiki yangu Mkongo, fundi simu pale sokoni Warwick, alipoona alishika kichwa.

“Yaya,” akasema, maana kwao ndivyo aitwavyo mkubwa, “umeharibu fichier yote, orodha nzima. Hawa si ba-artiste.”

Nilimwambia ashike bisibisi yake aniachie nyimbo zangu.

Mwaka huu mama akaamua kuwakusanya shoga zake waliobaki, siku ya Jumapili. Nyimbo dada yangu anazo huko nyumbani, lakini nilimtumia kwa namba tupu. Mama alitaka kila wimbo ukipigwa, mwenyewe aitwe. Kichwa chake sasa kinasahau, na majina yalikuwa kwenye kompyuta yangu tu. Mali bila daftari huisha bila habari, nami ndiye niliyekalia daftari.

Alhamisi, nilipotoka zamu kiwandani Mobeni, nikabonyeza kutoa orodha. Programu ikagoma: leseni ya bure hairuhusu zaidi ya nyimbo hamsini. Zangu zilipita mia mbili, na kwa zamu zangu nisingemaliza kuzinakili kwa mkono kabla ya Jumapili. Nikatukana, sitasema uongo. Akilini nilimwona mama amekaa kati ya wageni wake, hajui aanze kumwita nani, nikaogopa kweli. Nikabeba kompyuta mpaka Warwick.

“Eish, hata mie ilinikatalia,” akasema fundi. “Rumba yangu yote, ikanipa hamsini tu.”

Kisha akasoma lile onyo polepole mpaka mwisho. Mimi kwa hasira nilikuwa nimeishia kwenye “hairuhusu”.

“Yaya, soma muzuri. Majina yenye kampuni ilikupa, ni ya kampuni. Yenye wewe mwenyewe uliandika, iko yako.”

Chini kulikuwa na kitufe cha kutoa ulichojiandikia tu. Akabonyeza. Orodha ikatoka yote, kuanzia kanda ya kwanza hadi ya mwisho. Rumba yake ilikuwa imejaziwa majina na programu yenyewe. Taarabu yangu nilijaza kwa kichwa cha mama.

“Hakuna machine inajua muuza maandazi,” akasema.

“Sharp,” nikakubali. “Sasa sema tena nimeharibu.”

Akacheka, akaninunulia mahindi ya kuchemsha.

Nikamtumia dada orodha usiku huo, na Jumapili akanipigia kwa video. Akasoma, wimbo ukaanza, na muuza maandazi akainuka na mkongojo wake. Aliyempigia vigelegele vikubwa kuliko wote alikuwa yule yule mke mwenzie. Nililia kwa furaha, simu mkononi.

Kisha dada akafika wimbo wa tisa, akasoma, “Msanii: Mama.”

Wimbo ukaanza. Halafu nikamsikia mama akiuliza mkoba wake wenye noti uko wapi.