Ukuta wa Upande wa Mvua

Juzi nilipita Karatu mjini, nyuma ya nyumba moja ya wageni, nikamkuta fundi anasiliba ukuta kwa kitu chenye rangi ya udongo. Nikamuuliza udongo ameuchota wapi. Akacheka, akaniambia ni saruji tu dada, imetiwa rangi, wazungu wanapenda vyumba vya asili. Nikausogelea ule ukuta nikanusa. Hakuna kitu. Toka siku hiyo nyumba ya bibi imenikaa kichwani, na kwa kuwa sijui kusimulia vizuri mbele za watu, naiandika hapa. Wewe uliyekulia nyumba za kukandika utanielewa, hata nikiharibu.

Nyumba yenyewe ilikuwa kijijini Buger, kwenye mteremko, ya fito na udongo, imeezekwa nyasi. Udongo wa kule mvua ikinyesha unanata miguuni mpaka unatembea kama umevaa viatu vya mtu mwingine, na jua likiwaka siku chache unapasuka. Ukuta wa upande inakotokea mvua ndio uliokuwa ukiteseka. Unaloa, unakauka, unaloa tena, na kila mwaka nyufa zinaongezeka. Baba alikuwa amejenga nyumba ya matofali na bati katika boma hilohilo, akamtengea bibi chumba. Bibi hakukitaka. Alisema bati linapiga kelele, mtu hasikii hata ng'ombe wake.

Walibishana kiangazi kizima, kwa upole, maana kwetu mtu hapandishi sauti mbele ya mama yake. Mwisho wakakubaliana: bibi akandike upya ukuta ule. Masika yakiisha bila ukuta kupasuka, abaki humo mpaka achoke mwenyewe. Ukipasuka, ahame.

Hapo ndipo sisi wajukuu tulipopata kazi. Bibi hakuupeleka udongo ukutani siku hiyohiyo. Tuliumwagia maji shimoni, tukaukanyaga huku tunaimba, kisha akatuamuru tuuache. Ukakauka, ukapasuka kama kisigino cha mtu mzima. Tukaumwagia maji tena, tukaukanyaga, tukauacha. Nilidhani bibi amesahau alichokuwa anakifanya. Nilipomuuliza, alisema, "Uacheni umalize kupasuka huku chini. Ukishamaliza, ukutani utakaa kimya."

Jirani yetu, aliyetoka Singida kufanya vibarua kwenye mashamba ya kahawa akabaki hukuhuku, alipita asubuhi na jembe begani, akachungulia shimo.

"Bibi, huu ni udongo au uji wa mgonjwa?"

"Nyie wa Singida mnajua udongo?" bibi akamjibu bila kugeuka. "Mnajua mlenda."

Ndivyo walivyotaniana. Lakini nisimwonee jirani. Yeye ndiye aliyeleta majani makavu na kusema yachanganywe yashikilie udongo, na bibi, baada ya kununa kidogo, aliyachanganya. Sifa ya ukuta ule siwezi kumpa mtu mmoja.

Siku ya kukandika naikumbuka kwa pua zaidi kuliko kwa macho: udongo mbichi, mavi ya ng'ombe, boga linalochemka jikoni. Sisi tulifinyanga mabonge, jirani akayabandika, bibi akafuata nyuma yake akilainisha kwa kiganja, taratibu, kama anampaka mtoto mafuta.

Masika yakaja. Baba akitoka kukamua alizungukia upande ule, akijifanya anatafuta kuku. Sisi nasi tulikagua tukienda shule na tukirudi. Mvua ilipiga, jua likatoka, mvua ikarudi. Ukuta haukupasuka, hata ufa wa unywele. Mvua zilipokatika, jirani alimpa bibi mkono, na baba akasema mbele yetu sote, "Mama, umeshinda. Kaa kwako."

Bibi hakufurahi. Alimshika baba mkono akampeleka ukutani, akainama chini kabisa, pale matone ya paa yanapoanguka na kurukia ukuta. Akabonyeza kwa kidole gumba. Udongo ukabanduka kama ukoko wa ugali, fito zikaonekana ndani, zimeoza.

"Tuliongelea nyufa," alisema. "Hili hatukuliongelea. Lakini lipo."

Wiki ileile akahama na kigoda chake na vibuyu vyake. Kelele za bati alizilalamikia mpaka alipofariki, na kila mara baba alimsikiliza mpaka mwisho kama habari mpya.

Nyumba tuliiezua, tukaiachia mvua na jua. Bila paa na bila mkono wa mtu, kuta zikalegea, zikabomoka, zikawa kichuguu, na kichuguu kikatandazwa na jembe. Mwaka huu nilipokwenda nilishindwa kuonyesha iliposimama. Mimi nasema ilikuwa karibu na minyaa, dada yangu anasema ni juu zaidi, na huenda dada ndiye aliye sahihi, yeye alikuwa mkubwa. Watoto wake hawajawahi kukanyaga udongo wa nyumba. Nilipowaeleza walidhani nawatania.

Baba, ambaye sasa anatembea polepole, alitukuta tunabishana shambani. Hakusema ni wapi. Alisema tu, "Mimi nililiona kabla yake."

Nikamuuliza, uliona nini.

"Kule chini kulikooza. Masika yenyewe yalikuwa hayajaisha. Nikakata nguzo za kuegemeza, nikazificha nyuma ya zizi. Nilikuwa nangoja aende kanisani niziweke, abaki kwake kama tulivyokubaliana."

"Mbona hukumwambia, baba, siku ile alipobonyeza?"

Akainama, akang'oa gugu katikati ya maharage. "Ningemwambia kuna nguzo," akasema, "asingehama."

Nimeyapima maneno yale huku na huku, na sijamwona wa kumlaumu. Mmoja alikuwa tayari kuishikilia nyumba isimame, mwenzake akakataa kushinda. Mahali penyewe, popote palipokuwa, sasa pamepandwa maharage, na yameota vizuri.